Ufunguo wa Wageni

Alikuwa hanywi chai. Ukimwambia hivyo mtu wa mikoa mingine hataona ajabu, lakini sisi ni watu wa Tukuyu. Chai kwetu inaanzia pembeni ya uwanja wa shule na kupanda mlima, na saa nne asubuhi birika likiingia chumba cha walimu, hata mwenye homa anainua kichwa. Yeye alifunika kikombe chake kwa kiganja. "Sinywi," alisema, na kama aliyemimina aliendelea kumbembeleza, alimwambia kwamba chai inamharibia tumbo. Walimu wengine waliamini. Wengine walisema ni maringo, na mmoja alishikilia kwamba ni masharti ya dhehebu fulani. Nilikaa naye muda mrefu kabla ya kuijua sababu, na tangu nilipoijua hasira yangu haijapoa.

Tulimwita Mwalimu. Walimu tulikuwa wengi pale shuleni, lakini ukisema "Mwalimu" peke yake, bila jina wala somo, kila mtoto alijua unamsema yule wa magongo mawili aliyefundisha darasa la nne. Mguu wake wa kushoto uliishi ndani ya vyuma, na wa kulia ulimsaidia pale ulipojisikia. Miguu ile ilipatwa na nini, hakusimulia, nami sisimulii. Aliyemuuliza alijibiwa, "Na wewe pua yako ilipatwa na nini?" Basi mazungumzo yakaishia hapo.

Magongo alichongewa na seremala wa Kawetele, na chini yake alipigilia vipande vya tairi la gari, kama soli za katambuga, maana mvua ya Tukuyu haina adabu na udongo wetu ukilowa unateleza hata kwa mwenye miguu minne. Tulimsikia kabla ya kumwona. Darasa lenye kelele lilinyamaza magongo yakiwa bado kwenye kona ya ofisi.

Kitu kimoja hakukivumilia, nacho ni kushikwa. Alikuja kijana mwalimu kutoka Mbeya mjini, mtu mwema, mcha Mungu, na siku yake ya kwanza alimwona Mwalimu akipanda ngazi za darasa. Akaruka, akamkamata mkono wa juu kwa nguvu zake zote. Gongo likatoka mahali pake na nusura wote wawili waende chini. Mwalimu alishika nguzo, akahema, kisha akamtazama.

"Mwanangu, hili gongo ni mguu wangu. Wewe mwenzako akitembea, unamsaidia kwa kumshika paja?"

"Hapana, Mwalimu. Samahani."

"Mdomo unao. Uliza. Nikisema nisaidie, nitakwambia na mahali pa kushika."

Kanisani nako yalimpata. Kuna mzee wa kanisa aliyependa unadhifu, akaona magongo yameegeshwa kwenye benchi yanaharibu sura ya ibada. Aliyachukua taratibu wakati wa maombi, watu wamefumba macho, akayapeleka mlangoni kwenye miavuli. Ibada ikaisha. Watu wakatoka, wakasalimiana nje, mwaghonile, mwaghonile, wakaanza kuteremka makwao. Mwalimu alibaki peke yake kwenye benchi kanisani, hana pa kwenda, mpaka alipoamua kupaza sauti, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefundisha darasa la watoto mia. Mzee wa kanisa alirudi mbio. Alisema alitaka kumsaidia. Mwalimu akamuuliza, "Baba, na wewe nikikuvua viatu ukiwa unasali, nitakuwa nimekusaidia?" Wapo waliosema amemkosea heshima mzee. Hakuna niliyemsikia akisema mzee amemkosea yeye.

Sitaki mtu adhani nasimulia habari za malaika. Alikuwa na mdomo mbaya. Fimbo yake haikuwa na huruma, na mtoto mzito wa hesabu aliambiwa mbele ya wenzake kwamba kichwa chake kimeumbwa kwa ajili ya kubebea mkungu wa ndizi. Alikuwepo mwalimu mwenzetu mwenye kigugumizi. Mwalimu alimwita "redio ya betri zilizokwisha", akamwigiza mpaka tukacheka, na Mwalimu mwenyewe akacheka zaidi ya wote. Nilipomwambia kwamba yeye hasa ndiye asiyepaswa kufanya vile, alinijibu, "Kwa nini? Miguu yangu imenipa upadri?" Na hospitalini alipita foleni nzima, wagonjwa wamekaa tangu alfajiri, yeye moja kwa moja mpaka mlango wa daktari, bila hata kusema samahani. Alisema ukipewa nafasi ikalie, maana siku watakayokunyima hawatakuomba radhi.

Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye akimtaja, ule mdomo ulilainika. Alikuwa baba mkwe wake.

Kwetu Unyakyusa mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hataji jina lake, na wakikaribiana njiani mwanamke ndiye anayeacha njia. Anaingia migombani, anajificha, mpaka mzee apite. Ndiyo heshima yenyewe, na hata familia zilizobatizwa zamani hazikuiacha. Sasa Mwalimu alipoolewa, njia ya kwenda kwa wakwe zake ilikuwa ya mteremko, nyembamba, migomba huku na huku. Ndugu walikaa kikao. Huyu mkwe akiacha njia kwa magongo yale ataanguka na kuvunjika. Asipoacha, amemdharau mzee. Wakazungumza, wakazungushana, mmoja akashauri hata binti asitoke nyumbani mzee akiwa karibu. Mzee, aliyekuwa akisikiliza yote upande wa pili wa ukuta, alikohoa.

"Kama yeye hawezi kuacha njia, basi mimi naacha. Mimi si nina miguu?"

Tangu siku hiyo, mzee akisikia magongo yanagonga mawe, alitoka njiani mwenyewe. Aliingia migombani na mkongojo wake na kipande cha blanketi begani, akageuza mgongo, akasubiri mpaka mkwewe apite. Majirani walimcheka kwamba anamkimbia mwanamke. Aliwajibu kwamba hakimbii, heshima ni ile ile, aliyebadilika ni yule wa kuacha njia. Mwalimu alikuwa akinisimulia hayo akiwa ameshika kalamu ya kusahihishia.

"Hakuniita kikaoni," alisema. "Hakuniambia nieleze. Alisikia magongo, akatoka njiani."

Sababu ya chai niliijua Jumamosi moja nilipomtembelea kwake, bondeni upande wa Kisondela. Mumewe alikuwa amechoma mahindi, na kwenye meza ndogo kulikuwa na birika kubwa la chai ya maziwa. Mwalimu alijimiminia kikombe, akanywa, akajimiminia kingine, akanywa kama mtu aliyetoka kulima. Nilimtazama mpaka akaona.

"Unashangaa nini?"

"Si ulisema chai inakuharibia tumbo?"

"Inaniharibia shuleni tu. Hapa haina neno." Akanionyesha kwa kidevu kibanda cha choo nyuma ya nyumba. "Mume wangu alichukua kiti, akatoboa katikati, akakiweka juu ya shimo. Nakaa kama malkia. Shuleni nitakaa wapi?"

Nilivijua vyoo vyetu vya shule. Vilikuwa matundu kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka, na sakafu ilikuwa imelowa tangu asubuhi. Sisi tulichuchumaa, tukaziba pua, tukatoka. Yeye hakuweza kuchuchumaa. Kutumia choo kile alilazimika kuyaweka magongo pembeni, kushuka kwa mikono, na mikono hiyo kuitua palepale sakafuni, kwenye uchafu wa watoto mia saba, kisha kuinuka kwa mikono hiyo hiyo na kwenda kushika chaki. Alifanya hivyo mwaka wake wa kwanza. Baadaye akaona afadhali kukaa na kiu. Hakunywa kitu tangu anaamka mpaka anarudi kwake jioni, kila siku ya kazi, jua na mvua, akifundisha kwa sauti kavu mpaka kipindi cha mwisho. Aliwahi kuleta kiti kingine kilichotobolewa, akakiweka kwenye tundu la pembeni. Kabla wiki haijaisha mlinzi alikuwa amekipasua kuni, kwa kuwa kiti kisicho na kikalio aliona ni kibovu.

Basi ndiyo maana nikasema hasira yangu haijapoa.

Miaka hiyo ilikuwa ya ruksa. Mitumba ilijaa sokoni, maduka ya watu binafsi yalifunguliwa kila kona, walimu tuliuza maandazi na tuisheni maana mshahara ulikuwa haumalizi hata wiki mbili, na wafadhili wakaanza kuonekana kwenye magari meupe, wakishuka, wakipiga picha, wakiuliza shida zetu. Walipofika kwetu, Mwalimu Mkuu aliwatembeza. Mwalimu hakusubiri kutembezwa. Aliwafuata mpaka nyuma ya madarasa, akawaonyesha kile choo, akawaambia kwa maneno ambayo mkalimani wao alishindwa kuyatafsiri yote. Walirudi miezi kadhaa baadaye na mafundi.

Walijenga choo kizuri ambacho kata yetu haijawahi kuona. Kilikuwa na mteremko mpana wa saruji badala ya ngazi, mlango mpana, kiti cha saruji kilichosuguliwa mpaka kikang'aa, bomba la kushikia ukutani, komeo la ndani linalofungika kwa mkono mmoja, na dirisha la kuingiza hewa. Nje wakachora alama ya mtu kwenye kiti cha magurudumu. Siku ya kukabidhi mvua ilinyesha, tukaimba chini ya turubai, mgeni akakata utepe. Mwalimu alivaa kitenge kipya. Asubuhi ile nilimwona akinywa kikombe kizima cha chai, wazi, mbele ya watu.

Kesho yake mlango ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Nataka kuwa mkweli kwa Mwalimu Mkuu, ingawa sina hamu hiyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi, na adabu yake ilikuwa ya kwetu: kizuri ni cha mgeni. Mgeni akija nyumbani kwako unampa kiti cha pekee, unamchinjia kuku wa pekee, na wewe na watoto mnabaki na mnachobaki nacho. Sasa hiki ndicho kilikuwa choo kizuri kuliko vyote, na kwa akili yake kisingeweza kuwa cha mwingine. Akafunga kitasa. Ufunguo akaufunga kwenye kibao kidogo, akaandika kwa rangi nyekundu WAGENI, akauweka kwenye droo ya meza yake.

Nilimfuata ofisini. Nilimwambia kile choo kina mwenyewe.

"Mwalimu," akanijibu kwa upole, "mgeni akija tumpeleke wapi? Kwenye matundu ya watoto? Tutaaibika."

"Na yeye?"

"Yeye si aje tu aombe ufunguo. Nani atamnyima?"

Yeye si aje tu aombe. Hebu lisikilize neno hilo. Mtu mzima, mama wa watu, mwalimu aliyefundisha nusu ya viongozi wa kata, kila akibanwa avuke uwanja kwa magongo, aingie ofisi ya mwanamume, aeleze anachotaka kwenda kufanya, apewe kibao chekundu, avuke tena uwanja mbele ya shule nzima, kisha akirudishe. Na Mwalimu Mkuu akienda semina, na miaka hiyo semina zilikuwa haziishi kwa kuwa zilikuwa na posho, ufunguo uliondoka naye mfukoni mwa koti mpaka mjini. Choo kikabaki kimefungwa, kinang'aa, kinamsubiri mgeni.

Mwalimu hakuomba kwa kunong'ona. Kama ilikuwa lazima aombe, basi tusikie wote. Alisimama katikati ya chumba cha walimu, saa ya chai, akasema, "Mwalimu Mkuu, nataka kukojoa." Vikombe vilisimama hewani. Wanawake wakatazama sakafu. Mwalimu Mkuu alimwomba atumie lugha ya staha, aseme kujisaidia. Akamjibu, "Nikisema kujisaidia utanipa ufunguo haraka zaidi?" Na kwenye kikao cha walimu, Mkuu alipokuwa akitueleza sera mpya, kwamba sasa kila mtu yuko huru kufanya biashara na serikali haizuii tena, Mwalimu aliinua gongo badala ya mkono.

"Nimeelewa. Siku hizi kila kitu ruksa, isipokuwa mimi kukojoa."

Tulicheka. Mwalimu Mkuu naye alicheka, akafunga kikao, na ufunguo ukarudi kwenye droo. Mwalimu akarudi kufunika kikombe kwa kiganja.

Mteremko nao ulipata kazi. Kwa kuwa ulikuwa wa saruji, mpana, na umeelekea jua, mke wa mlinzi aliona ni mahali pazuri pa kuanikia maharage. Pikipiki ya Mwalimu Mkuu ikawa inapumzika hapo isiguse matope. Siku moja Mwalimu alipata ufunguo kwa taabu, akafika, akakuta maharage yametandazwa toka juu mpaka chini. Hakurudi nyuma. Alipita katikati yake, gongo kwa gongo, maharage yakitawanyika kwenye matope pande zote. Mke wa mlinzi alipiga kelele kwamba anamwaga chakula cha watoto.

"Njia ya mtu unaanika maharage?" Mwalimu alimuuliza bila kusimama. "Nenda kaanike barabara kuu, tuone malori yatapita wapi."

Wengine walidhani vita yake ilikuwa ya kukifanya choo kiwe chake peke yake. Haikuwa hivyo. Mwalimu mmoja alipokuwa na mimba kubwa, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyempeleka mpaka mlangoni. Mzee wa kijiji mwenye magoti yaliyokufa aliambiwa aingie bila kuuliza. Aliyemkasirisha ni yule mwalimu wa michezo, mwenye miguu ya kukimbilia, aliyependa kuazima ufunguo kwa sababu, alisema, vile vyoo vingine vinanuka. "Vinanuka kwa nani?" Mwalimu akamuuliza. "Si wewe ndiye unayevitumia? Visafishe. Mimi sina pengine, wewe unapo."

Na kuna siku alikosea yeye, akakosea vibaya. Alikuwa amesimama nje ya choo kile anasubiri, amebanwa, mvua inaanza. Ndani alikuwa mzazi mmoja kutoka Matwebe, mzee wa heshima aliyevaa koti refu, aliyepewa ufunguo kama mgeni. Alipotoka, akitembea wima kama askari, Mwalimu hakumpa hata salamu.

"Mzee, kuchuchumaa unaweza?"

"Mama?"

"Nakuuliza kama unaweza kuchuchumaa. Hicho kiti ulichokikalia unajua ni cha nani?"

Yule mzee alitazama kushoto na kulia kama kuna watoto, kisha akainua pindo la koti. Kiunoni kulikuwa na mpira mwembamba ulioshuka mpaka kwenye mfuko wa mkojo uliofungwa pajani. Alikuwa ametoka kupasuliwa hospitalini, akiuficha mfuko wake chini ya koti ili aje kumwona mtoto wake bila watu kumhurumia. Mwalimu alishusha macho. "Nisamehe, baba," alisema, na mzee akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga," akashuka mteremko taratibu. Saa ya kuondoka ndipo aliponiambia.

"Nimemkagua mtu kwa macho, kama ninavyokaguliwa mimi. Nimemfanya anivulie nguo njiani." Akaendelea. "Anayeingia mle ajihukumu mwenyewe. Anayeweza kwingine, aende kwingine. Asiyeweza asidaiwe ushahidi."

Sijasikia adabu ya choo iliyosemwa vizuri zaidi ya hiyo, na bado haijafika mahali inapotakiwa. Juzi nimeingia ofisi moja hapa mjini, jengo jipya la vioo, nikaona mlango wenye ile alama ya kiti cha magurudumu. Nikausukuma. Ndani kulikuwa na mafagio, ndoo, makopo ya rangi na kiti cha bosi kilichovunjika mguu. Nilimuuliza dada wa mapokezi, akaniambia hicho ni stoo. Nikamuuliza mlemavu akija? Akasema, hawaji sana. Nilitaka kumwambia kwa nini hawaji, lakini nikageuka, nikatoka.

Mwalimu alistaafu akiwa bado hanywi chai. Tulimuaga kwa nyimbo na mabati ya kuezekea, akashuka bondeni kwake, na mimi nilibaki pale. Ufunguo ulibaki kwenye droo. Akaja mtoto wa darasa la pili aliyetembea kwa magoti, binti mdogo mwenye vipande vya kandambili amevifunga magotini, na naye hakupewa ufunguo kwa sababu, aliniambia Mwalimu Mkuu, watoto watachafua. Nilipomfikishia Mwalimu habari hizo kwake, aliendelea kupukuchua mahindi.

Mwaka uliofuata tulikuwa na mahafali ya darasa la saba, na Mwalimu Mkuu akaalika walimu wastaafu. Mwalimu alikuja kwenye pikapu ya mratibu wa elimu kata, mbele, na kitenge kilekile cha siku ya kukata utepe. Alikuwa amezeeka. Magongo alikuwa nayo yaleyale, ila tairi za chini zilikuwa mpya. Tulimsalimia shikamoo moja moja, akatuitikia, na kabla hajakaa Mwalimu Mkuu akamjia ameinama kidogo, kibao chekundu juu ya viganja vyake viwili, kama unavyompa mkubwa kitu.

"Karibu sana, Mwalimu. Umetoka mbali. Leo wewe ni mgeni wetu."

Alisema kwa moyo wake wote. Hilo ndilo lililoniumiza. Mwalimu alikitazama kile kibao kwa muda, akasoma neno lililoandikwa, kisha akakichukua.

"Ndaga," alisema.

Nilimuuliza kama nimsindikize, akasema twende. Pikipiki iliondolewa mteremkoni upesi kwa ajili yake. Alipanda, akafungua kitasa, akaingia, nikasikia komeo la ndani. Nilisimama pembeni. Yule binti wa magoti alikuwa amekaa karibu na ukuta wa darasa la pili anatutazama. Baada ya muda nikasikia kitu kigumu kikigota kwenye saruji, kisha kikatua chini kabisa. Mwalimu akatoka, akausukuma mlango ukafunguka wote, akauacha hivyo. Akamtazama yule mtoto, akamwambia kwa Kinyakyusa kwamba mlango uko wazi.

Mwalimu Mkuu alikuwa akitusubiri na mkono umenyooshwa.

"Ufunguo, Mwalimu."

"Umeanguka."

"Umeanguka wapi?"

"Shimoni."

Alifikiri. "Kwa bahati mbaya?"

"Hapana."

Mwalimu Mkuu alitazama mlango, akatazama wageni wengine waliokuwa wakishuka garini, mabega yake yakalegea. "Sasa tutafungaje?" aliuliza, na nakiri aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui.

"Ndani kuna komeo. Anayeingia anajifungia, akimaliza anafungua. Hata kwako nyumbani si hivyo?"

Tuliingia chumba cha walimu, birika likaletwa, na msichana aliyekuwa akimimina, ambaye hakumjua, akafika mbele yake na kusita. Mwalimu hakuweka kiganja. Alisogeza kikombe.

"Nikutilie kiasi gani, bibi?"

"Jaza."

Alikinywa chote. Akasogeza tena. Alikula maandazi, akamchokoza yule mwenzetu wa kigugumizi kwamba naona betri umenunua mpya, akanywa tena. Nje kwaya ya darasa la saba ilikuwa ikijaribu sauti. Sikuweza kula. Nilikuwa naihesabu kiu yake ya miaka yote ile, nikimtazama Mwalimu Mkuu upande wa pili wa meza, nikitamani angalau aone haya.

Katikati ya hotuba, wageni wakiwa wamekaa uwanjani na Mwalimu Mkuu amesimama chini ya mteremko akinong'onezana na mratibu, Mwalimu aliokota magongo yake na kunyanyuka. Hakusema anakwenda wapi. Hakumwomba mtu. Tairi zikaanza kugonga saruji ya varanda, na Mwalimu Mkuu akazisikia. Alimshika mratibu mkono, wakatoka njiani wote wawili, wakasimama kwenye majani, na Mkuu akageuza mgongo, uso ameuelekeza kwenye mashamba ya chai. Mwalimu akapita.